Mbwa wa Marlys na Mara ya Tatu

Jumamosi, 23 Machi

Nimepata wazo. La uhakika safari hii!

Marlys alianguka tena jana, kwenye ngazi za kushukia stoo. Sukari ilimshuka bila hata kupiga hodi. Zamani alikuwa akitetemeka kwanza, jasho linamtoka, anajua, anakula kitu. Sasa amekaa na kisukari miaka mingi mno na mwili umechoka kumwonya. Daktari hakuficha. Alisema siku moja mke wangu ataanguka na hataamka.

Lakini kuna mbwa. Bi Kessler wa wilaya jirani huwafundisha kunusa sukari ikianza kushuka, wakamgusa mgonjwa kwa mguu kabla hajaanguka. Anaye jike mmoja aliyehitimu, Hazel, rangi ya asali. Atatuwekea mpaka mwisho wa Aprili, halafu atampa mwingine. Bei yake ni ya kumtoa mtu machozi.

Delmar Skaar, jirani yangu na mwenyekiti wa kila kitu pale kanisani kwetu, amependekeza chakula cha mchango. Chapati za maji na soseji. Nimemwambia tutaona. Sitakubali mke wangu aokolewe na soseji za Delmar! Mchango nitaufanya mwenyewe. Lile gari letu bovu la kijani nitalivuta hadi katikati ya ziwa lililoganda, watu wanunue tiketi wabashiri siku barafu itakapoachia na gari kuzama. Nusu ya mshindi, nusu ya Hazel. Hapa Minnesota mtu anaweza kukwepa kapu la sadaka, lakini hakwepi kubashiri barafu.

Jumatano, 27 Machi

Gari liko ziwani. Injini nimetoa, kama sheria inavyotaka. Ubavuni nimeandika kwa rangi nyeupe, herufi za kuonekana toka barabarani: MPATIENI MARLYS MBWA.

Marlys ameliona akitoka kliniki. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama jina lake lilikuwa la lazima. Ugonjwa wake hajawaambia hata wenzake wa kwaya, na sasa kila mvuvi wa ziwa hili anaujua. Nilijitia hamnazo, nikasema biashara ni matangazo. Kusema kweli uso uliniwaka moto.

Jioni tulikwenda kwa akina Skaar. Mke wa Delmar alinikaribisha kahawa na keki. Nikasema hapana, asante. Akanikaribisha tena, nikasema jamani, msijisumbue. Mara ya tatu nikasema haya, nusu kikombe. Nilikunywa vitatu na keki nikaimaliza. Ndivyo tulivyolelewa sisi. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayekaribisha mara moja tu hakutaka.

Delmar aliuliza kama nimefunga mnyororo kutoka kwenye gari mpaka ufukweni, ili likizama livutwe. Nikamwambia yeye ananionaje? Bila shaka nimefunga. Sijafunga. Nitanunua kesho.

Jumapili, 7 Aprili

Limezama! Leo, katikati ya mahubiri. Mvua ya vuguvugu imenyesha tangu Ijumaa, na mnyororo ungali dukani.

Nani kashinda? Delmar. Kumbe alibashiri siku ya leo leo. Nilimtukana kimoyomoyo wakati wa wimbo wa mwisho, na mchungaji akinitazama.

Alasiri akaja mlangoni na bahasha. Fungu lake lote, la Hazel. Nikasema hapana, umeshinda kwa haki. Akasema chukua. Nikasema siwezi, Delmar. Akatazama theluji kidogo, akasema mara ya tatu. Nikapokea. Ningefurahi zaidi kama angekuwa mtu mbaya, kwa sababu sasa siwezi hata kumchukia vizuri.

Bado hatujafika mbali. Tumevuka nusu tu. Na bwana maliasili amepiga simu: gari litoke ziwani kabla ya mwisho wa Mei, la sivyo nitapigwa faini. Marlys sijamwambia.

Jumanne, 9 Aprili

Siku mbaya. Naandika huku masikio yananiwaka.

Yule Royce Pruitt, aliyehamia hapa kutoka Texas na kununua duka la vifaa, ni mtu wa ajabu. Anakuuliza hujambo halafu anasubiri jibu. Leo aliniita pembeni, kwenye sehemu ya misumari. Akasema amesikia habari za Marlys. Mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa huo huo. Pesa iliyobaki ya mbwa atatoa yeye. Yote!

Moyo uliruka. Nikasema hapana, hapana, hiyo ni nyingi mno. Akasema kweli kabisa, angependa kutoa. Nikasema wako wengine wenye shida zaidi yetu. Kisha nikavuta pumzi, nikajiweka tayari. Uso nimeutengeneza, ule wa mtu anayezidiwa na wema.

Akavua kofia.

"Nimekuelewa, mzee," akasema. "Mwanamume na heshima yake. Sitakuudhi tena."

Akanipa mkono. Akaenda kumpimia mteja mwingine misumari. Nilibaki nimesimama pale na uso wangu tayari. Nikanunua bawaba ya mlango. Mlango wenyewe sina.

Alhamisi, 11 Aprili

Mpango mpya. Kumchokonoa Royce atoe mara ya tatu bila kumwomba, maana kuomba ni aibu.

Nilikwenda dukani asubuhi nikamwonyesha picha ya Hazel. Mbwa mzuri, akasema. Nilirudi mchana nikashusha pumzi mbele ya makopo ya rangi. Alisogea mbali, kwa adabu. Nikauliza bei ya bakuli la mbwa, nikalirudisha rafuni polepole, mkono ukitetemeka kidogo. Nilitia chumvi hapo, nakiri. Royce akageuza macho kama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni.

Halafu posta nikasikia mengine. Royce anamwambia kila anayeingia dukani kwamba Orvin Tveit hapokei vya bure, na kumpa pesa ni kumtukana! Nilikimbilia mkahawani. Kopo la mchango wa Hazel nililoliacha pale halipo tena kaunta. Mwenye mkahawa aliniomba radhi, akasema hakujua kama lilikuwa linaniumiza.

Nikamwambia wala, wala, usijali.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Na watu wananiheshimu! Leo wamenipisha kwenye foleni ya benki, na kila aliyenipisha alinizidishia aibu.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo hakuna mpango.

Asubuhi nilikuwa karakana, nafanya mazoezi ya maneno ya kumwambia Royce kwa mzunguko. Mashine ya kufulia ilikuwa inanguruma ndani, sikusikia kitu. Nilipoingia kutafuta kalamu nilimkuta Marlys sakafuni, kati ya kapu la nguo na mashine. Midomo ya kijivu. Kandambili moja mguuni, nyingine sijui ilikwenda wapi.

Nilimpaka asali kwenye fizi kama tulivyofundishwa. Nikapiga simu ya dharura. Nikakaa chini nikakilaza kichwa chake pajani pangu, nikamweleza upuuzi wote ulionijia, habari za bawaba, habari za uso niliotengeneza. Niliogopa sana. Sijawahi kuogopa hivyo.

Akafumbua macho. Akauliza kama nimezima mashine.

Nililia. Akajifanya hakuona, ndivyo tunavyopendana sisi. Wahudumu wa dharura walipokwisha kumpima na kuondoka, nikamwambia yote ya Royce. Alikunja taulo mbili kabla ya kusema neno.

"Ulikataa mara ngapi, Orvin?"

"Mara mbili."

"Na mimi nimeanguka mara ngapi tangu Krismasi?"

Aliendelea kukunja taulo.

Jumanne, 16 Aprili

Marlys alivaa koti la kanisani akaniambia nimwendeshe dukani. Nikamshauri tuanze kwa kumwalika Royce kahawa, mambo yaende yenyewe taratibu. Alikuwa ameshaingia garini.

Dukani kumejaa. Delmar yupo, ananunua skrubu. Marlys akaenda moja kwa moja kaunta, akasema kwa sauti ile ile anayoagizia sukari ya unga:

"Bwana Pruitt, nasikia ulitaka kunisaidia kupata mbwa. Kama bado unataka, mimi nakubali."

Hivyo tu. Bila hapana hata moja! Delmar akaanza kusoma pakiti ya skrubu, upande wa mbele na wa nyuma. Royce macho yakamlengalenga. Akasema alidhani ametukosea. Marlys akamweleza kwamba huku kwetu mtu huulizwa mara tatu. Royce akauliza mbona hakuna aliyemwambia. Marlys akasema labda hakuuliza mara tatu.

Mimi nilikuwa kwenye makopo ya rangi, natamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuna aliyenitazama. Watu wa mji huu wakitaka kukutazama sana hawakutazami kabisa. Miaka arobaini ya ndoa, na mke wangu amelazimika kwenda kuomba uhai wake mbele ya watu wenye skrubu mikononi, kwa sababu mimi nina adabu.

Jumamosi, 4 Mei

Hazel ana siku chache tu tangu aje hapa kwetu. Leo wakati wa kifungua kinywa alimwekea Marlys mguu pajani. Marlys akamwondoa. Hazel akauweka tena, na tena, hakukubali kukatazwa. Marlys akapima. Kweli, ilikuwa inashuka kwa kasi. Akanywa juisi ya machungwa, akaendelea na chemshabongo yake.

Basi, ndiyo hivyo. Hakuna aliyeanguka. Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hatuzihitaji mpaka Novemba, nipate kulia kwa nafasi.

Nikaapa hapo hapo. Orvin Tveit ni mtu mpya! Kuanzia leo, mtu akinipa kitu nasema ndiyo, asante. Somo limeniingia.

Baada ya chakula cha mchana Royce akaja na lori lake lenye winchi. Amesikia habari za gari langu ziwani na faini inayonisubiri. Akasema atalivuta leo, bure, kwa saa moja tu kazi imekwisha.

Nikasema hapana, hapana, una shughuli zako. Ulimi ulitangulia! Akatabasamu. Akasema tena. Nikasema gari lenyewe dogo, nitahangaika nalo. Akatabasamu zaidi, akaninyooshea vidole vitatu, akasema mara ya tatu.

Hapo nikasita. Mara ya tatu ya mtu aliyefundishwa ina uzito gani? Huyu kaambiwa na Marlys aseme mara tatu, kasema. Nitajuaje kama imetoka moyoni? Kwa mtu wa Texas, nadhani, ingefaa ya nne. Nikasema hapana, kwa kweli, siwezi.

Akakuna kichwa, akaondoka.

Nimekaa dirishani tangu hapo. Atarudi, najua atarudi. Kahawa nimeshabandika. Marlys amepita na chemshabongo yake. Hazel ndiye hataki kuniacha. Amekuja kuniwekea mguu pajani, nimemwondoa, ameuweka tena. Nimepima sukari yangu, iko sawa kabisa. Sijui anataka kuniambia nini.