Sanduku la Makosa la Daktari Kmar

Jumatatu, 6 Novemba

Daktari Kmar, mwanamke mwenye kliniki hii ya meno, ameleta sanduku. La bati, jeupe, lina tundu juu na kufuli dogo. Amelitundika ukutani kati ya mapokezi na chumba cha matibabu, hatua mbili kutoka kiti changu. Kisha akatukusanya. Kukusanya kwenyewe si kazi, tuko wawili tu: mimi, Mongi, msimamizi wa mapokezi kwa miaka kumi na saba, na Naziha, muuguzi, ambaye ana miaka minne hapa lakini anatembea kama vile yeye ndiye aliyelijenga jengo.

Daktari akasema kila kosa linalomgusa mgonjwa liandikwe na kutumbukizwa humo. Hata lililokaribia tu kutokea. Jina si lazima. Hakuna atakayeadhibiwa. Naziha akauliza kama makosa ya daktari nayo yaandikwe. Nikafurahi. Nikajua Naziha amekwisha.

Daktari akasema, "Yangu ndiyo ya kwanza." Akaandika kwenye karatasi papo hapo kwamba wiki iliyopita nusura apige sindano ya ganzi upande wa kulia wa mama ambaye jino lake bovu lilikuwa kushoto. Akatusomea. Akaitumbukiza.

Miaka yote hii sijaona daktari akifanya hivyo. Nilimwonea fahari, na nikamwonea aibu kwa niaba yake.

Jambo lenye uzito zaidi: mwezi ujao kuna mkutano wa madaktari wa meno kule Tunis, juu ya usalama wa wagonjwa. Mmoja wetu atapanda jukwaani kueleza habari za kliniki yetu. Mimi nina suti.

Jumanne, 7 Novemba

Nimewaza vizuri. Kliniki itakayosifiwa ni ile isiyo na kosa. Ufunguo wa sanduku ninao mimi, maana droo yangu ndiyo yenye kufuli. Saa sita, wengine wakila, nikafungua.

Mbali na ile ya Daktari, karatasi tatu, zote mwandiko wa Naziha. Huyu mwanamke hachoki. Ya kwanza: sakafu karibu na sinki inateleza. Ya pili: glovu ndogo zimekwisha, anavaa kubwa, vifaa vinamponyoka. Ya tatu ndefu. Kwamba tuna wagonjwa wawili wanaoitwa Hedi Chaabane. Mmoja ni mzee, mkulima wa zeituni, anameza dawa ya moyo inayozuia damu kuganda. Mwingine ni mwalimu kijana, mzima wa afya. Mafaili yao yamekaa bega kwa bega. Leo alichukua faili la Hedi mwingine, akagundua mlangoni. Anashauri tuyatenganishe.

Kabati la mafaili ni langu. Huu ni uchongezi ulioandikwa kwa hati nzuri.

Zote tatu nimezilaza droo ya chini, chini ya kalenda za zamani.

Alhamisi, 9 Novemba

Daktari kafungua sanduku mbele yetu. Ndani mna karatasi yake mwenyewe tu. Nikasema, kifua mbele, kwamba siku nne zimepita bila kosa jingine. Nilingoja sifa.

Uso wake ukanywea. Akasema sanduku tupu linamtia hofu. Kliniki isiyoona makosa yake si safi, imefumba macho tu. Naziha alinitazama. Muda mrefu.

Kumbe sharti ni kuandika. Ningeambiwa mapema ningeshinda mapema. Mchana nimeandika karatasi kumi na moja kwa mkono wa kushoto na kalamu ya kijani. Kwamba mgonjwa alikalia kiti kabla hakijatulia. Kwamba Naziha alipiga chafya karibu na dirisha. Kwamba mashine ya kutakasia vifaa inanung'unika. Ya kumi na moja sikumbuki, nilikuwa nimechoka.

Ijumaa, 10 Novemba

Daktari kazisoma zote kumi na moja kwa makini, kama barua za ndugu. Akaenda kulitazama dirisha. Akakalia kiti mwenyewe mara sita. Akamwita fundi aje kuisikiliza mashine.

Fundi akakuta mpira wa mlango wa mashine umechakaa. Mvuke ulikuwa unavuja, vifaa havitakasiki inavyopasa. Daktari akasema aliyeandika ile karatasi, hata awe nani, amewakinga wagonjwa wengi.

Nimeokoa mji wa Sfax nusu nzima, na siwezi kumwambia mtu. Nilijaribu kumwambia mke wangu, Hayet. Akauliza nilijuaje mashine inanung'unika. Nikasema niliisingizia. Akaendelea kukaanga samaki.

Jumatatu, 13 Novemba

Siandiki vizuri leo.

Asubuhi alikuja yule mzee, ami Hedi kama tunavyomwita sote, majani ya mzeituni bado yamenasa kwenye kofia yake nyekundu. Msimu wa kuchuma umeanza, anataka jino litoke haraka arudi shambani. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba yangu ya Tunis, kimoyomoyo, nimefika kwenye makofi. Nikavuta faili la Hedi Chaabane. Nikampa Daktari.

Daktari alimwuliza kama anatumia dawa yoyote. Ami Hedi akasema hapana. Kwake kidonge cha moyo si dawa, ni sehemu ya kifungua kinywa. Faili nalo likasema hapana. Jino lilikuwa limeoza wazi, likatoka kwa dakika tano.

Damu haikukoma. Robo saa. Nusu saa. Pamba baada ya pamba. Ami Hedi akageuka rangi ya karatasi.

Naziha ndiye aliyeliangalia faili tena. Akauliza taratibu, "Ami, umezaliwa mwaka gani?" Mzee, mdomo umejaa pamba, akaonyesha vidole tusivyovielewa. Naziha akasema, "Daktari, hili ni faili la mtu wa miaka thelathini na mbili."

Daktari hakupandisha sauti. "Naziha, nipe uzi, tushone. Bwana Mongi, lete faili lake, mpigie daktari wake wa moyo." Nilipiga simu. Akapokea mwoka mikate. Nikapiga tena.

Walishona, wakakandamiza, wakafuata maelekezo ya simu. Wale wanawake wawili hawakusimama wima kwa saa mbili. Daktari alimshika mzee mkono muda wote ambao mkono wake mmoja haukuwa na kazi. Saa saba kasorobo damu ikakoma.

Nilifungua droo ya chini. Karatasi ipo palepale. Nikafunga.

Jumanne, 14 Novemba

Daktari kaenda nyumbani kwa ami Hedi, nami nikabeba begi. Nilitarajia aseme damu ina mambo yake. Aliketi chini karibu na mzee akasema, "Ami, jana tulikosea. Tulisoma faili la mtu mwingine, nami sikuhakikisha. Kosa limetokea mikononi mwangu. Nisamehe."

Binti wa mzee, Souad, akawaka. "Baba yangu angekufa kwa ajili ya jino?"

"Angeweza kudhurika vibaya," Daktari akasema. "Ndiyo sababu sikutaka msikie kwa mtu mwingine."

Akaeleza kila hatua, hakuruka hata moja. Souad akalia, kisha akaleta chai. Ami Hedi akasema, kwa shida, "Binti yangu, madaktari nimewaona wengi. Aliyekuja mpaka kwangu kusema amekosea ni wewe tu."

Nilitazama zulia. Sijawahi kumwona mtu akiwa mkubwa hivyo akiwa amekaa chini.

Jumatano, 15 Novemba

Naziha alinibana penye kabati. "Bwana Mongi, ile karatasi niliiandika. Ilikwenda wapi?"

Nikasema labda panya.

"Panya wanaofungua kufuli?"

Akasema hatanisemea. Nijisemee mwenyewe kabla ya adhuhuri. Nilijaribu kuirudisha sandukuni ili ionekane ilikwama kwenye kona. Lile sanduku halina kona ya kukwama kitu, nimelipapasa lote. Nikaingia kwa Daktari.

Nilisema yote. Tatu nilizoficha, kumi na moja nilizobuni. Daktari akasema, "Umeniumiza, Mongi. Na umemuumiza yule mzee." Kisha akauliza nilikuwa naogopa nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema suti yangu isifike Tunis. Halafu nikasema kweli: kwamba kosa likiwa la kabati, litakuwa langu.

Ufunguo kampa Naziha. Lakini akaniuliza tufanyeje ili hata mtu aliyechoka asichanganye mafaili. Nikasema kila mgonjwa ataje mwenyewe tarehe yake ya kuzaliwa, kwa sauti, na faili la mwenye dawa ya damu lipigwe utepe mwekundu. Daktari akaandika, na jina langu pembeni. Naziha akasema ni wazo zuri. Naziha.

Tumefunga tepe mpaka jioni. Mafaili arobaini na mawili. Watu arobaini na wawili.

Ijumaa, 17 Novemba

Imetangazwa. Tunis anakwenda Naziha, na ami Hedi kakubali kufuatana naye, aeleze kwa mdomo wake mwenyewe uliopona. Mimi nabaki mapokezi. Nilimpa Naziha hongera, na nusu yake ilitoka moyoni.

Kisha Daktari akasema mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja kwamba kuungama kwangu ndilo jambo gumu kuliko yote lililofanyika katika kliniki hii mwaka huu. Mama mmoja mwenye shavu lililovimba akanipigia makofi. Souad, aliyemleta baba yake kutolewa nyuzi, akanipa mkono.

Nimelifikiria hilo siku nzima. Kumbe kinachosifiwa si kukosa makosa, wala wingi wa karatasi. Ni kuungama.

Mwakani kuna mkutano mwingine. Nimeshaandika ungamo langu, kurasa mbili, la kumtoa machozi hata fundi wa mashine. Nimelitia tarehe ya Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi.

Kosa lenyewe bado sijalichagua.