Fuga ya Sauti Tatu

Jumapili, 1 Juni

Nimefanya tena. Mdomo huu ungekuwa unashoneka, ningeushona leo.

Kikao cha kamati baada ya ibada. Mchungaji akatangaza kwamba piano tuliyopewa na wageni imefika salama kwa treni, na wageni wenyewe wanakuja tarehe 22 kuiweka wakfu. Wana ombi moja dogo. Siku hiyo upigwe muziki wa Mjerumani mmoja wa kale, aliyekufa kabla misafara ya pembe za ndovu haijaijua Tabora. Nota wameshatuma. Akauliza nani anaweza.

Nikamtazama Yoramu. Ana miaka ishirini na minne, ana kinanda chake cha umeme chenye midundo mia mbili, na shikamoo yake huwa naisikia kama anauliza nitastaafu lini. Akainamisha kichwa. Nikafurahi mno. Mkono ukanyooka wenyewe, mdomo ukasema mimi hapa.

Mchungaji akasema vema, atakayeupiga siku hiyo ndiye mpiga piano wetu. Nikishindwa, kiti ni cha Yoramu. Kiti changu! Miaka kumi na tisa nimekikalia, nikipiga kinanda cha kanisa. Nje ya kile kiti mimi ni nani? Ni Ezekia wa mtaa wa Cheyo, muuza vipuri vya baiskeli. Juu yake ni Mwalimu.

Tatizo naliandika hapa tu. Mimi nasoma nota za herufi, do re mi, kama wanakwaya wote. Zile za vitone kwenye mistari mitano sizijui. Miaka kumi na tisa nimesema nazijua.

Jumanne, 3 Juni

Nimefungua nota. Kurasa nne. Juu imeandikwa *Praeludium et Fuga*, chini yake vitone vimejazana kama siafu wanaohama. Nimezigeuza juu chini. Hakuna tofauti.

Mbinu: kuomba muda na kujificha. Nimemwandikia mzee Masolwa, katibu wa kamati: "Naomba nisamehewe mazoezi ya kwaya kwa wiki tatu ili nijifunze Fuga." Fuga nimeianza kwa herufi kubwa ipate heshima.

Mke wangu Asnath akauliza kwa nini nisimwambie Mchungaji ukweli. Nikamwambia mambo ya muziki yeye hayajui. Akasema akili nyingi huondoa maarifa, akaendelea kuchambua mchicha.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempata mwalimu. Bi Asmahani wa Isevya, mshonaji, miaka sabini na kitu. Alifundishwa piano na masista alipokuwa binti. Ana piano ambayo marehemu mumewe aliinunua kwa Mgiriki wa tumbaku aliyekuwa anahama. Juu yake anakatia vitambaa.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniambia nipige kitone cha kwanza. Nikapiga. Akaniuliza kama ninamtania.

Akanieleza fuga ni nini. Ni sauti tatu kwenye mikono miwili. Moja inaanza peke yake, ya pili inaifuata na maneno yaleyale, ya tatu inaingia chini. Wiki nzima nitajifunza ile ya kwanza tu. Mtu wa miaka hamsini na moja! Sauti moja!

Njiani nikakutana na mzee Masolwa. Mtu wa Bukene huyu, mjini amekaa miaka thelathini na bado anasalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka. Amefurahia barua yangu kuliko nilivyotegemea. Akauliza ngapi. Nikajibu tatu, moja inatangulia, ya pili inaifuata, ya tatu inaingia mwisho. Akauliza kama hazigongani. Nikasema ndiyo kazi yenyewe, hasa kwa kuwa mkono wangu wa kushoto hauna nguvu. Akasema atanionyesha namna ya kushika. Nikashangaa. Kumbe mzee anajua muziki.

Jumapili, 8 Juni

Mzee hajui muziki.

Wakati wa matangazo akasimama na barua yangu, akalitangazia kanisa zima kwamba Mwalimu Ezekia ameomba ruhusa ajifunze kufuga. Ataanza na watatu. Huu uwe mradi wa kanisa, na yeye Masolwa atatoa mbegu. Makofi. Yoramu alipiga kuliko wote.

Yule mzee hata ng'ombe humwita "hii", ndiyo maana juzi niliposema moja inatangulia hakuhisi kitu.

Ningesahihisha papo hapo. Lakini ili kusahihisha ningelazimika kusimama nieleze vitone mbele ya watu mia tatu. Nikapunga mkono. Asnath hakupunga chochote.

Jumatano, 11 Juni

Mbuzi wamefika. Watatu, kutoka Bukene, wameletwa juu ya guta la magurudumu matatu. Mzee Masolwa akawaingiza uani mmoja mmoja kama nilivyomwelekeza: huyu atangulie, huyu amfuate, huyu mwisho. Kisha akanishika mkono wa kushoto, akaubana kwenye pembe.

Asnath ameuliza watalala wapi. Swali zuri.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya ajabu.

Asubuhi, Isevya. Sauti ya kwanza nimeiweza, mistari miwili mizima. Nikaomba turuke hadi mwisho. Bi Asmahani akanigonga vidole kwa rula ya vitambaa. Akasema chanda chema huvikwa pete, na kwamba kwangu amevikagua vyote kumi hajaona cha kuvika.

Nikarudi nyumbani na hasira. Nakuta mbuzi wa tatu ana ukurasa wa tatu mdomoni. Nikapiga kelele. Kisha nikaacha kumnyang'anya. Akili ikafunguka. Nota zikiliwa, nani atanilaumu? Mbuzi ni wa kanisa!

Nikampa na ukurasa wa nne kwa mkono wangu. Wa kwanza na wa pili akazikataa, ikabidi nizikunjie kwenye matembele.

Jumapili, 15 Juni

Nikaenda kwa Mchungaji na uso wa msiba. Akasikitika sana. Akasema wageni wataelewa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Yoramu akaingia. Akasema tusihuzunike, siku ya kwanza alizipiga picha nota zote kwa simu. Ameshazichapisha stesheneri, tena kwa maandishi makubwa, akijua macho ya wakubwa. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Shikamoo mwalimu. Marahaba hiyo nusura initoe roho.

Alhamisi, 19 Juni

Mbinu mpya, na hii haina dosari. Nani hapa Tabora anaijua fuga? Nitaipiga ile sauti ya kwanza katikati. Kisha nitaipiga tena chini kidogo. Kisha chini kabisa. Sauti tatu ni sauti tatu, mkataba haukusema zote kwa pamoja. Preludi, ule utangulizi wake, tutaifuta, ibada ni ndefu.

Asubuhi nikaenda Isevya kumuaga Bi Asmahani. Barazani nikasikia fuga. Yote. Zile sauti zinafukuzana, zinapishana, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Nikasema moyoni bibi huyu ni hatari.

Nikachungulia. Bibi anapinda suruali. Kwenye piano yupo Yoramu.

Anakuja asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, tangu tarehe mbili. Mimi nakuja jioni au Jumamosi, ndiyo maana hatukukutana. Nikamwuliza bibi kwa nini hakuniambia. Akasema sikuuliza. Eti kijana alimwomba amfundishe kusoma vitone ili siku hiyo ajue mahali pa kunigeuzia kurasa. Mengine yamekuja yenyewe.

Kunigeuzia kurasa! Unafiki wa kiwango cha juu kabisa.

Jumapili, 22 Juni

Kanisa limejaa hadi nje. Wageni mstari wa mbele. Nikakaa. Yoramu akasimama kando yangu, nota kazipanga.

Nikapiga sauti ya kwanza. Nzuri, bila kosa. Nikashuka, nikaipiga tena. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akamtazama mumewe. Nikashuka tena. Nikajua kwamba yule mama anajua. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Nilichofanya ni kurudi juu na kuianza upya.

Hapo mkono ukaja kutoka kushoto kwangu. Yoramu. Akaingiza sauti ya pili chini ya ile yangu, polepole, ananisubiri. Kwa mistari miwili tukapiga fuga kweli, mimi na yeye. Sitasema nilivyojisikia.

Kisha mistari yangu miwili ikaisha. Nikasogea kwenye benchi apate nafasi. Nikasogea tena. Mwisho nikajikuta nimesimama, nota mkononi mwangu, yeye kakaa.

Nikamgeuzia kurasa. Alinitikisia kichwa kila ulipofika wakati wa kugeuza. Mara moja niligeuza mbili, akaendelea bila kuzitazama.

Ilikuwa nzuri. Nilikasirika jinsi ilivyokuwa nzuri. Machozi yakanitoka, nikamwambia Asnath ni vumbi, na yeye akanipa leso.

Jumatatu, 23 Juni

Kikao. Kiti ni cha Yoramu. Hakuna aliyepinga, hata mimi. Mzee Masolwa akanifariji kwamba mbuzi wananenepa.

Tulipotoka, Yoramu akaniita kando. Akasema kwake mimi ni Mwalimu bado. Akasema kwa adabu kabisa kwamba nikipenda tukae pamoja jioni, wawili tu, tuvipitie vile vitone taratibu. Hakuna mtu atakayejua.

Kijana mzuri. Nikamshukuru, nikamwambia mwanangu, vitone hivyo mimi nilivisoma hujazaliwa.

Mchungaji alikuwa nyuma yetu. Akasikia. Akasema basi Mungu ni mwema, kwa maana wageni wametaka watoto wa kanisa wafundishwe nota hizo, na alikuwa hajui amwombe nani. Nikasema hilo ni dogo.

Tangu jana wameshajiandikisha arobaini na mmoja. Tunaanza Jumamosi. Leo Jumatatu, siku tano nzima ninazo, na watoto wenyewe hawajui kitu. Watajuaje?