Dakika Sitini za Kuwabara

Tarehe mosi Aprili, saa tatu kamili asubuhi, Kampuni ya Achari ya Hamasaki ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo uvivu umekwisha. Tangazo lilisomwa kiwandani mbele ya mapipa ya figili, kisha likasomwa uwanjani, kwa kuwa kampuni ndiyo inayomiliki timu ya besiboli ya Korongo, na wachezaji ni waajiriwa kama wakata matango.

Mkurugenzi wa Ufanisi, Bwana Ebisawa, alikuwa mwema. Alidai kila mwajiriwa afikishe dakika sitini tu za kazi halisi hadi tarehe thelathini Septemba. Miezi sita, saa moja. Ambaye hangezifikisha, nafasi yake ingefutwa. Na ili pasiwe na mabishano, alifafanua kazi ni nini: "Kazi ni muda ambao mwajiriwa ameshika kifaa chake kwa mkono na kukitumia kwa lengo lililokusudiwa. Kufikiri, kungoja na kujiandaa si kazi, kwa kuwa havina saa."

Kuwabara Tetsuji alilisoma tangazo mara tatu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akakaa chini.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa mpigaji wa akiba. Wenzake wakicheza, yeye huangalia. Humtazama mtupaji wa upande wa pili anavyopumua, anavyofuta jasho, anavyokasirika. Halafu mchezo ukielekea mwisho na mambo yamekwama, Kocha Domoto humwinulia kidevu. Kijana mmoja anatolewa, Kuwabara anaingia na gongo la kupigia mpira, anapiga au anakosa, anarudi kukaa. Mara moja tu kwa mchezo. Siku nyingine hata hiyo moja haipo.

Ofisi ya kumbukumbu ikamleta Bi Toyoda na saa ya kupimia shingoni. Alikaa mwisho wa benchi, magoti yamebanana. Hakuwahi kuona besiboli maishani mwake.

Siku ya kwanza Kuwabara alipiga mpira wa kwanza kabisa, ukapita juu ya ukuta, akazunguka vituo vyote vinne huku watu elfu ishirini wakiimba jina lake.

"Sekunde thelathini na moja," Bi Toyoda akasema, akiandika.

"Na kukimbia je?"

"Ulikuwa umeangusha kifaa, Bwana Kuwabara."

"Na kule kwenye ukumbi wa mazoezi? Nimezungusha gongo mara mia mbili!"

"Lengo lililokusudiwa ni mpira. Kule hapakuwa na mpira."

Huwezi kugombana na mtu anayejua kusoma.

Kufikia Julai hesabu ilikuwa wazi, na ilikuwa mbaya: alivyopiga vizuri ndivyo alivyofanya kazi kidogo. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka huo, na hakuna timu nyingine inayochukua goti la miaka thelathini na tisa. Basi usiku mmoja, vituo vyote vimejaa Korongo wanaosubiri pigo la kuwarudisha nyumbani wapate pointi, Kuwabara akaamua kuwa mwajiriwa bora. Kila mpira uliokuja aliugusa kidogo tu ukaenda pembeni, kwa sababu mpira wa pembeni haumalizi zamu. Kumi na saba mfululizo. Dakika saba na nusu! Wa kumi na nane akaukosa. Korongo wakafungwa.

Asubuhi ikaja hati yenye nembo ya figili: "Tuzo ya Bidii, kwa mpigaji aliyeonyesha uvumilivu kazini."

Kocha Domoto akaitundika chooni. "We Kuwa," alisema, "nikikuona tena unapiga kama mtu anayefukuza nzi, nitamwingiza muuza bia badala yako. Yeye angalau ana nguvu za mkono."

Nyumbani mkewe, Fumie, alikuwa anakaanga samaki. Hakugeuka. "Baba Nao, mimi niliolewa na mtu anayepiga. Ukitaka kukaa muda mrefu bila faida, bafu lipo."

Kesho yake Kuwabara akapanda ghorofa ya tano kwa Bwana Ebisawa, akainama hadi kiunoni. "Bwana Mkurugenzi, pigo ni sekunde moja. Lakini nyuma yake kuna miaka kumi na minane."

"Kufikiri hakuna saa," Ebisawa akajibu kwa upole, na alipokuwa akijibu akagonga muhuri kwenye karatasi sita bila kuzitazama.

Bi Toyoda alikuwa mlangoni na chai. Akabonyeza saa yake. Tangazo lilisema kila mwajiriwa.

Ikafika tarehe thelathini Septemba. Kuwabara alikuwa na dakika hamsini na saba na sekunde arobaini. Mchezo ulikuwa wa mwisho, na atakayefungwa ndiye atakayeshika mkia. Korongo walikuwa nyuma kwa pointi moja, mwenzao mmoja kituoni, nafasi ya mwisho ya kupiga. Kidevu cha Domoto kikainuka.

"Bwana Kuwabara," Bi Toyoda akanong'ona. Tangu Aprili hakuwahi kuanza yeye mazungumzo. "Zimebaki dakika mbili na sekunde ishirini. Nakuomba, usiharakishe."

Mtupaji alikuwa kijana aitwaye Sugaya. Kuwabara alimtazama tangu jioni, kwa saa tatu ambazo hazikuwa kazi, na aliona kitu: kila Sugaya anapogusa kofia yake, mpira unaofuata huja wa taratibu, chini kidogo ya kiuno.

Sugaya akagusa kofia.

Kuuacha upite kulikuwa na faida ya nusu dakika. Angeweza kuuacha, na wa pili, na kuyachezea maisha yake pembeni mpaka saa itimie. Lakini mpira kama ule hauji mara mbili.

Akaupiga. Gongo likaanguka. Kidole cha Bi Toyoda kikabonyeza: sekunde thelathini na nane. Mpira ukavuka ukuta, Kuwabara akazunguka vituo vyote vinne bila kufanya kazi yoyote, na Bi Toyoda alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga mayowe, kiatu kimoja kimemtoka.

Asubuhi Bi Toyoda aliandika orodha ya nafasi zitakazofutwa. Majina yalikuwa mawili. Ikaanza safari yake ya kupanda ngazi.

Katika ofisi ile mtu hagongi muhuri wima chini ya mkubwa wake. Anauinamisha kidogo upande wa kushoto, ili jina lake limsujudie jina linalofuata. Karani akainamisha. Msimamizi akaona karani ameinama vizuri, naye akainamisha. Ikapanda hivyo hadi ghorofa ya tano ikiwa na mihuri sita, yote imeinama kama mpunga ulioiva. Ebisawa akaitazama pembe ya kila muhuri, akaridhika, akagonga wa kwake wima kabisa.

Jina la kwanza lilikuwa Ebisawa. Nafasi yake ikafutwa saa tatu. Saa tatu na dakika tano ikafika barua ya kumwachisha kazi Kuwabara, iliyohitaji muhuri wa Mkurugenzi wa Ufanisi. Hakuwepo mkurugenzi. Barua bado iko mezani.

"Dakika kumi na moja?" Ebisawa alikuwa mwekundu kama achari ya plamu. "Miezi sita, dakika kumi na moja? Una wazimu, Bi Toyoda? Muhuri ni sekunde mbili, lakini nyuma yake kuna miaka thelathini!"

"Bwana Kuwabara alisema hivyo hivyo," Bi Toyoda akasema. "Na wewe ulimjibu vizuri sana. Niliandika."

"Nakata rufaa!"

"Fomu hii hapa. Inahitaji muhuri wa Mkurugenzi wa Ufanisi."

Kwa mazoea, Ebisawa akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga.

Bi Toyoda akabonyeza saa.

"Sekunde mbili," alisema. "Ila siziandiki. Wewe si mwajiriwa."