Wiki ya Umoja, Makaburi Matatu

Jumapili, 18 Januari 1998. Kibiti.

Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo imeanza leo. Imeanza vibaya. Kanisa hatuna, tunasalia kwa zamu chumba cha darasa la nne shuleni: sisi Wakatoliki saa moja, Walutheri saa tatu, Wapentekoste saa tano. Nilipopewa matangazo niliyavuta mpaka saa tatu na nusu, Walutheri wanyeshewe kidogo. Walinyeshewa. Wakaimba huko huko nje, na vizuri kutushinda. Sikupenda.

Baadaye Nesi Elinipendo akatukalisha wote pamoja. Ni Mlutheri, mjane, mkunga wa zahanati. Ana habari kubwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadala, yuko tayari kutupa nusu eka njia ya Mtawanya tuzike watu wetu. Siku zote tumesafirisha maiti hadi kwao, Moshi, Songea, Bukoba. Sasa mvua za Elinino zimekata barabara, basi halijapita siku kumi na mbili. Anayekufa leo atalala wapi? Sharti la Sadala ni barua moja, sahihi tatu. Yeye ni Mwislamu, amesema hajui wala hataki kujua tunagombania nini.

Barua Nesi ameshaiandika. Safu moja ya makaburi, ianzie katikati ya kiwanja, hakuna mipaka ya madhehebu, atakayetangulia atalala wa kwanza. Ametia sahihi kwa niaba ya Walutheri. Michael, muuza mitumba na mchungaji wa kujiteua wa Wapentekoste, naye ametia. Nafasi yangu iko chini kabisa, penye tone la chai. Mimi Fabiani, bwana shamba kwa miaka kumi na tisa kabla hawajanipunguza kazini! Nimesema nitaisaini nyumbani kwa utulivu na kuifikisha ofisini mwenyewe.

Jumatatu, 19 Januari.

Sijasaini. Nimefikiri. Barua ile haina mwenyekiti. Umoja usio na mwenyekiti ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Mpango: nikae nayo mpaka waone mambo hayaendi bila mimi. Watanichagua. Nitaiandika upya, jina langu juu. Na safu haitaanzia katikati, itaanzia barabarani, na upande huo utakuwa wetu. Abiria wa Lindi wakipita waone misalaba ya Katoliki kwanza. Barua iko chini ya nguo sandukuni. Mke wangu, Tereza, ameuliza nacheka nini peke yangu. Nimemwambia ni neema.

Jumanne, 20 Januari.

Kipindupindu kimeingia Dimani. Mafuriko yamechanganya vyoo na visima. Nesi amekwenda huko na sanduku la dripu, nusu ya njia kwa trekta, nusu kwa miguu. Alipita kwangu kuuliza barua. Nimesema iko njiani. Si uongo. Kutoka sandukuni mpaka ofisini kuna njia.

Jioni nimekwenda kwa Michael kumwomba kura. Amekubali, kwa sharti Wakatoliki waache kuwaita watu wake wapiga kelele. Nimekubali. Nilipokuwa natoka nikamsikia akimwambia mkewe kuwa mwenyekiti atakuwa yeye. Watu wengine hawana haya hata wiki ya maombi.

Jumatano, 21 Januari.

Mvua. Nimehesabu kura nilizo na hakika nazo. Moja. Tereza bado anafikiri.

Alhamisi, 22 Januari.

Nesi amerudishwa kwa machela. Ni ugonjwa ule ule. Dripu za mwisho aliwaachia watoto wa Dimani, hakujibakizia. Tereza amekwenda kumuuguza tangu asubuhi. Mimi nimeruhusiwa kufika dirishani tu.

Macho yamemwingia ndani. Jambo la kwanza aliloniuliza ni barua. Nikamwambia nimeifikisha, Mzee Sadala ameigonga mhuri. Akatabasamu. Akasema, "Asante, kaka Fabiani. Basi nimetulia."

Nimerudi nyumbani mvuani na mwavuli kwapani, sikuufungua. Nimeona aibu. Nimeitoa barua, nimeshika kalamu. Halafu nikawaza: akipata nafuu kesho tutaiandika upya pamoja, vizuri, na mwenyekiti wake. Nimeirudisha sandukuni.

Ijumaa, 23 Januari.

Amefariki saa mbili asubuhi. Nimelia mbele za watu na sikujali.

Bwana afya amesema maiti wa kipindupindu halazwi, azikwe leo. Kusafirisha hakuna. Mzee Sadala akaja kutoa pole, akauliza barua iko wapi, maana hajaiona. Watu walitazamana. Na mimi nikawatazama. Akasema basi, kiwanja ni kile, chimbeni, karatasi itafuata.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na ningetamani ingepumzika. Anayezikwa wa kwanza ndiye anayeweka mpaka. Marehemu mumewe alikuwa Mkatoliki. Nikawachukua vijana wetu wanne tukaanza kuchimba kando ya barabara. Michael alipotuona akapeleka watu wake mwinuko wa juu, akidai marehemu alikuwa akisali nao Jumatano na roho yake ilishahamia kwao. Walutheri wana wanaume wawili tu, karani na mzee mmoja mwenye kifua. Wao walichimba katikati, kama barua ilivyosema. Nikawaambia barua bila sahihi yangu si barua. Mzee akanijibu kwamba sahihi yake marehemu inamtosha, akaendelea kukohoa na kuchimba.

Saa tisa hali ilikuwa hivi. Shimo letu liko bondeni, limejaa maji kiunoni. Shimo la Michael limekutana na mizizi ya mkorosho, mpini wa jembe umevunjika. La Walutheri limefika magotini. Jeneza la mbao mbichi liko chini ya turubai, na bwana afya anatazama saa.

Ndipo walipotokea Waislamu. Walikuwa wametoka msikitini sala ya Ijumaa, wakapita zahanati kuwaacha wake zao kwenye kilio, wakaja na majembe. Kama ishirini hivi, wamefunga, kumi la mwisho la Ramadhani. Nusu yao watoto wao wamepokewa na Nesi. Mbele yuko Miraji, mchimba makaburi wao. Aliyazunguka mashimo yote bila haraka, kisha akaniuliza mimi, kwa adabu kabisa, "Bwana Fabiani, aliyefariki si mmoja? Au mnangoja wengine?"

Hakungoja jibu. Alipima jeneza kwa kamba, akasema hajawahi kuchimba pana hivyo, akashuka shimo la katikati. Walichimba kwa zamu hadi saa kumi na moja, midomo imekauka. Sisi tulishika miavuli.

Sala ya mwisho tuliamua iwe Baba Yetu, maana wote tunayo. Sisi tuliishia "utuopoe maovuni" na nikasema Amina kwa nguvu. Wengine wakaendelea na ufalme na nguvu na utukufu. Nikasema Amina ya pili kuwafunika. Miraji na wenzake walisubiri wameinamisha vichwa mpaka tuliponyamaza, ndipo wakafukia.

Nikadhani yamekwisha. Mzee Sadala akasema kwa desturi ya huku kaburi lililochimbwa halilali wazi, litaita mtu. Uzikwe mgomba humo. Miraji akakata migomba miwili, akatuachia, maana wao walikuwa wanawahi kufuturu.

Kwa hiyo tumezika migomba. Watu wa Michael waliuombea wa kwao kwa sauti muda mrefu sana. Sikukubali kupitwa, nikaanza litania ya watakatifu. Mgomba wetu ulielea. Niliukanyaga na mguu mpaka udongo ulipoushika, huku vijana wakiitikia "utuombee". Tereza hakungoja tumalize. Alikwenda nyumbani peke yake.

Jumamosi, 24 Januari.

Sikulala. Sikula. Kila nikifumba macho namwona dirishani akisema ametulia. Ametulia kwa neno la uongo, na aliyempa ni mimi. Huyu mama alikuwa akinipa dawa za presha bila kunikumbusha kwamba nilimwanika mvuani.

Mchana Tereza ameikuta barua. Alikuwa akitafuta kanga nyeusi. Ameiweka mezani, akaweka sahani yangu ya wali juu yake, akatoka. Nimeisoma tena, yote. Laiti ingefika Jumatatu, jana tungechimba kaburi moja tu, wote pamoja, na Nesi angezikwa adhuhuri kwa heshima na mikono yetu wenyewe.

Nimepiga magoti. Kesho ni kilele cha Wiki ya Umoja. Nitasimama mbele ya wote, nitaungama, nitaitoa barua, nitasaini mahali pangu chini, penye tone la chai. Nimeapa.

Jumapili, 25 Januari.

Tumesali pamoja, madhehebu yote, saa moja, darasa moja. Haijawahi kutokea. Hakuna aliyegombania wimbo. Michael alilia. Yule mzee wa Kilutheri alisimama akasema tufanye kama marehemu alivyotaka, safu moja ianzie kwake, na wote wakasema ndiyo. Kisha akauliza, kwani barua iko wapi?

Nikasimama. Ilikuwa mfukoni. Niliigusa.

Nikasema barua nilimrudishia marehemu mwenyewe alipopita kwangu Jumanne, pengine ililowa huko Dimani.

Darasa likaguna kwa huruma. Tereza akainuka akatoka nje. Hakuna mwingine aliyehoji, kwani nani atamhoji maiti? Na kwa kuwa nilikuwa nimesimama bado, nikaongeza kwamba uzembe wa namna hii hauwezi kutokea pakiwa na mwenyekiti. Walikuwa wamechoka na huzuni. Nimechaguliwa. Michael ni makamu. Barua mpya nitaandika mimi.

Jioni nimekwenda kiwanjani. Safu moja sawa, lakini mwenyekiti lazima aangalie mbele. Nimesimika msalaba juu ya kaburi letu la mgomba, kando ya barabara, ili mpaka ujulikane mapema. Umesimama vizuri. Unaonekana tokea kona.

Nikiwa nashindilia udongo akapita Johari na ndoo ya maji kichwani. Ni yule ambaye Nesi alimzalisha watoto wote watatu. Juzi alikuwa zahanati na wanawake wenzake, hakufika makaburini. Alipouona msalaba akasimama. Akauliza kama tumefiwa tena.

Nikamwambia ndiyo, ndugu yetu.

Alitua ndoo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akanipa pole, akamwombea marehemu kwa Mungu amlaze mahali pema. Nimeitikia amina.