Kiri au Kana: Kesi ya Jogoo wa Bellwater

Ilitangazwa rasmi, kwa tarumbeta, kwenye ngazi za ofisi ya mji wa Bellwater, Georgia: Mji haujaangusha jogoo yeyote, mahali popote.

Saa hiyo jogoo mwenyewe, sanamu ya faiba ndefu kuliko nyumba, alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkahawa wa Bi Odessa Tarpley, mdomo umezama kwenye karai la kuku wa kukaanga. Bi Odessa alinusurika kwa kuwa alikuwa bado kanisani, mahubiri yamerefuka. Mkahawa haukunusurika. Akaushtaki Mji.

Wakili wa Mji, Bwana Thurmond Ligon, alipopokea maswali ya maandishi kutoka kwa Renita, wakili wa Bi Odessa na mpwa wake, alifurahi kama mtoto aliyeona keki. Sheria ilimtaka ayajibu kwa kiapo. Ligon aliamini kujibu ni udhaifu.

*Nani alikuwa na kazi ya kukaza nati za jogoo?*

"Tunapinga," aliandika. "Neno 'jogoo' lina utata. Laweza kuwa ndege, laweza kuwa mwanamume mwenye majivuno."

*Jogoo alianguka lini?*

"Tunapinga. Serikali huanguka, bei huanguka. Jogoo alibadilisha kimo."

Renita akampigia simu. "Bwana Ligon, shangazi yangu anapikia uani, chini ya turubai. Jibu hata moja, basi!"

"Binti, hilo ni ombi au swali? Maana nayapinga yote mawili."

"Ee Mungu, nipe subira," Renita alisema, akakata simu.

Kisha akatuma karatasi ya mwisho, fupi, yenye madai machache ambayo Mji ulipaswa kuyakiri au kuyakana kabla ya muda uliowekwa. Hapo Ligon alipata kilele cha maisha yake. Kukana, aliona, ni jambo zito. Haliwezi kuachiwa mtu mmoja. Akaunda Kamati ya Kukana. Kamati ikachagua mwenyekiti, ikagombania viti, ikaenda semina ufukweni kujifunza kukana kwa staha. Ilirudi imeungua jua, na rasimu safi kabisa ya neno "Hapana". Wakati huo muda wa kisheria ulikuwa umeshapita, na Ligon hakuwa ameomba nyongeza.

Mahakamani Meya Buford Stancil alikaa mstari wa mbele, akipungia watu mkono.

"Bwana Ligon," Jaji Eunice Pickard aliuliza, "majibu ya karatasi hii yako wapi?"

"Mheshimiwa Jaji, yamepitishwa na kamati kwa kauli moja!"

"Umechelewa. Usipokana kwa wakati, umekiri. Sheria haina semina. Karani, soma."

Karani akasoma. Mji unakiri kwamba jogoo ni wake. Mji unakiri kwamba nati zilikuwa zimelegea, na ulijua.

"Mji unakiri kwamba jogoo alianguka kwa sababu Meya Stancil alimpanda mgongoni, akiwa na kofia pana ya wachunga ng'ombe, ili apigwe picha za kampeni."

Mkono wa Meya uliganda hewani.

"Ligon!" alinong'ona, na ukumbi mzima ukasikia. "Si uliniambia hakuna atakayejua?"

"Mheshimiwa Meya, nyamaza, nakuomba!"

"Nilimwambia mpiga picha afanye haraka!"

Bi Odessa alicheka hadi kofia yake ya kanisani ikadondoka. "Na ulivyoruka, baba! Jirani yangu, Dada Philomene, alikuona kutoka dirishani kwake. Alisema umepaa kama malaika."

Jaji aliinamia meza, mabega yakimtetemeka. Aliponyanyua uso aliamuru Mji ujenge upya mkahawa, ukubwa mara mbili.

Siku ya ufunguzi foleni ilizunguka mtaa. Meya, ambaye kura zilikuwa zimemrudisha kwenye uraia wa kawaida, alifika dirishani na sahani yake, Ligon nyuma yake.

"Naomba paja, Bi Odessa," alisema kwa upole.

Bi Odessa alichovya koleo kwenye karai, akamwekea shingo.

"Anayefuata!"