Majani ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na mbili bila mke. Yuko kwa kaka yake, shamba la pili kutoka langu. Aliondoka baada ya kukuta galoni ya dawa ya viwavi uvunguni, upande anaolalia. Alisema kikohozi kimemchosha, na mimi pia nimemchosha. Atarudi siku nitakapomwonyesha cheti kwamba pamba yangu haina sumu. Nimelia kidogo jikoni. Kisha nikaenda kupiga dawa shamba zima. Ningefanyaje? Viwavi wanatafuna vitumba mchana kweupe, na cheti bila pamba ni karatasi tu. Dawa yenyewe nyeupe kama maziwa, haina hata harufu. Ya kisasa hiyo!

Jumatano, 5 Juni

Viwavi wamenenepa. Nimepiga tena, mara mbili ya kipimo. Shemeji kapita kando ya uzio, shati jeupe pee, akaniuliza kwa upole kama nakula vizuri. Pamba yake haina tundu hata moja. Anadai siri yake ni majivu na maombi. Simpendi mtu huyu, na leo naandika wazi. Kila siku anakula chakula kilichopikwa na mke wangu!

Ijumaa, 7 Juni

Mkaguzi wa cheti kaja. Mama mkakamavu, mabuti hadi magotini. Kachuma majani shambani kwangu, kayatia kwenye mfuko wa plastiki, kaufunga kwa uzi wenye kikadi cha namba. Mimi roho mkononi. Kwenye ndoo yake tayari ulikuwemo mfuko wa shemeji. Akaomba pa kunawa. Nikamwelekeza bomba la nyuma ya nyumba, lile linalotoa maji kwa kusuasua. Dakika nne nzima! Nikafungua vikadi vyote viwili, nikavibadilisha. Sasa majani ya mtakatifu yana namba yangu, na sumu yangu ina namba yake. Jioni nimefua shuka zote, maana mke wangu hapendi shuka zenye vumbi.

Alhamisi, 13 Juni

Majibu yametoka. Tumesomewa wakulima wote katika ofisi ya ushirika. Mke wangu alikaa mstari wa mbele, kavaa lile gauni la buluu. Shemeji: safi, hakuna hata chembe ya sumu. Mimi: sumu za aina tatu, moja imepigwa marufuku. Tatu! Mimi nilinunua moja tu! Shemeji mwenyewe aliduwaa, akauliza kama wana uhakika, halafu akakaa chini haraka. Eti majivu na maombi!

Mke wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Tatu, mume wangu? Hata moja haikukutosha?" Akatoka na kaka yake. Angenitukana ningepata nafuu. Wala siwezi kujitetea, maana itabidi nianze na habari za vikadi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda kwa muuza dawa kumuuliza imekuwaje sumu yake haikuonekana kwenye majani yangu, yale yaliyopimwa kwa namba ya shemeji. Kaangalia dari. Mwishowe kakiri kwamba galoni zile zilikuwa maji na unga wa ngano, naye aliuziwa hivyo hivyo. Kwa hiyo majani yangu yalikuwa safi kabisa. Ningekaa kitako tu, nisiguse kitu, leo mke wangu angekuwa nyumbani akinisema kuhusu viatu vyangu mlangoni. Niliketi juu ya gunia la mbolea, nikalia mbele ya wateja.

Jumapili, 16 Juni

Nimetafakari siku mbili, na kosa langu nimeliona. Nilikubali dawa isiyo na harufu. Jana muuza dawa kanipa galoni halisi, fidia, na ukifungua kifuniko tu macho yanachuruzika. Mkaguzi atarudi msimu ujao, na lile fundo la vikadi nimeshalizoea. Safari ijayo dakika mbili zitanitosha.

Galoni nimeiweka kitandani, upande wa mke wangu. Uvunguni kuna unyevu.