Zadock na Shimo la Sinki

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kuosha vyombo, nanyi mnaokula mkainuka mezani sogeeni pia; nawasimulia habari za Zadock wa Ndhiwa, Fundi wa Viti, Bwana wa Nyundo Mbili, mume wangu, aliyepigana na shimo lenye upana wa kikombe cha chai, akalishinda.

Adui tulimwingiza wenyewe. Hata baada ya kuvuta maji ndani, niliendelea kusugua sufuria kwa jivu, kama nilivyofunzwa kwetu Asumbi. Jivu likakutana na vichwa vya omena, wale dagaa wa ziwani, na mafuta baridi, vikafanya agano ndani ya bomba. Jumatano maji yakagoma kushuka, harufu ikapanda. Na Jumamosi mama yangu, Nyamusi, alikuwa anakuja kuiona nyumba yetu kwa mara ya kwanza, yeye aliyekwisha kutangaza kanisani kwamba kuosha vyombo ndani ni kuualika mtaro chumbani.

Zadock alimshambulia adui kwa waya, kwa maji moto, na kwa maneno nisiyoyaandika, hata njia ikafunguka. Lakini ngome isiyo na mlinzi hutekwa tena. Alhamisi akapima shimo kwa kidole gumba na cha shahada, akaenda sokoni mkono wa kulia ukiwa wazi mbele yake, kama aliyebeba yai lisiloonekana. Njiani akamkuta Levi, mzee wa kanisa, akinyoosha mkono wa salamu. Nani humpa mzee wa kanisa mkono wa kushoto? Kipimo kikafa papo hapo, na kizibo cha mpira alichokileta kikazama shimoni, tukakiopoa kwa uma.

Ijumaa akakandamiza bonge la ugali shimoni, likatoka na umbo la adui. Akalibeba kwa mikono miwili, asiweze kumsalimu mtu.

Kultum, mwenye duka la vifaa, akalitazama. "Mzee Zadock, hiki ni kipimo ama ni chakula cha mchana?"

"Mama Kultum," akajibu, amesimama wima kama mbele ya baraza, "shimo lenyewe halikuweza kusafiri, limemtuma mjumbe. Mpe anachostahili."

Vizibo vya mpira akavikataa: kizibo huzuia maji tu, na ukikinyanyua, takataka zote hupita. Akachagua chujio la stili, lenye ukingo mpana na matundu madogo kuliko kichwa cha omena. Likakaa juu ya ugali bila kuyumba. Nyumbani akatoa amri: jivu libaki nje, mafuta yafutwe kwa karatasi, chujio likung'utwe kwenye migomba.

Jumamosi mama akafika. Kwa kuwa kwetu mkwe hazungumzi na mama mkwe ana kwa ana, Zadock alisimama nyuma ya pazia. Mama akamwaga beseni zima, akainama, akanusa. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kupenya pazia, "Nyathina, mwanangu, mwambie mwenye nyumba kwamba maji yanashuka."

Pazia likatikisika. Hiyo ndiyo nishani pekee aliyowahi kupewa, na iandikwe katika tarehe za Ndhiwa.

Tulimzika mwaka juzi. Siku ya matanga sahani zilipita sinki lile kwa mamia, na mama, aliyekataa kuketi, ndiye aliyelikung'uta chujio. Watu walipoondoka alifuta mikono, akaligeukia pazia, akasema bila kunituma mimi:

"Zadock, maji yanashuka."